Nta, Ulimbo na Waya wa Simu

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa reli ya Mjerumani ikiwa haijafika Ugogo, nguzo ya simu ilikuwa mchezo. Nguzo zilikuwa za chuma, maana za mti zingeliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Ulibandika sikio pale, asubuhi chuma kikiwa bado cha baridi, ukasikia mvumo usiopumzika. Mkubwa wetu ndiye aliyetafsiri. Mjerumani wa Dodoma anamwambia wa pwani alete chumvi. Au kuna ng'ombe wamegongwa na gari moshi huko Kilosa. Tuliamini yote. Mimi nilikuwa nikimtumia salamu bibi yangu mzaa mama, aliyekaa upande wa Kongwa, ambako waya haukupita kabisa. "Mbukwa, bibi, mbuzi wetu amezaa pacha." Alipokuja kututembelea baada ya mavuno nilimuuliza kama alizipata salamu zangu, akasema alizipata zote. Bibi zetu walikuwa waongo wazuri sana.

Vijana wa leo nikiwasimulia wanacheka. Wao wana redio inayosema maneno kamili na bado hawaisikilizi, wanaifungulia tu ipige kelele. Sisi tulisikiliza chuma.

Shule haikuwepo karibu nasi. Shule yetu ilikuwa kulinda uwele shambani ndege wasiumalize, na katika shule hiyo somo nililolifaulu ni ulimbo. Unakata kijiti cha mnyaa kwenye ua wa zizi, unakinga utomvu mweupe kwenye kigae, unaupika taratibu mpaka unavutika, kisha unapaka kwenye vijiti ambako ndege watatua. Wakati wa kukata unageuza uso pembeni, na mikono unaifuta kwa majani na vumbi kabla hujagusa chochote. Mama hakuchoka kutukumbusha: "Mnyaa hauna mjomba." Alimaanisha ukikuingia jichoni hautajali wewe ni mtoto wa nani. Ndege tuliwachoma, tukawala na ugali wa uwele na mlenda, na kama kulikuwa na samli kidogo tulijiona watoto wa mtemi.

Baba yangu, Malogo, alikuwa mlinzi wa waya. Alitembea kando ya reli kutoka stesheni yetu, ambayo ilikuwa ndogo na iko mwendo wa nusu siku kutoka Dodoma, mpaka alipokutana na mlinzi wa upande wa pili, kisha akarudi. Alikata matawi yaliyogusa waya, akahesabu vikombe vyeupe vya kaure vilivyoushikilia juu ya nguzo, na akaangalia kama kuna mtu aliyeukata. Watu waliukata, ndiyo. Kwetu waya ulikuwa pambo. Mwanamke aliyependwa alivaa bangili za waya kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, na binti akitoka unyagoni bila waya mkononi, watu waliuliza baba yake ana ugonjwa gani. Sasa hapo juu ulipita waya mwingi usio na mwisho, unang'aa jua likitua, na mwenyewe yuko Berlini.

Kwa sababu hiyo baba alimkataza mama kuvaa hata bangili moja. Hata za kununua dukani kwa Mhindi. "Wakikuona nazo hawatauliza umezipata wapi," alisema. Mama akazivua zote alizoolewa nazo, akampa dada yake. Katika kijiji kizima mke wa mlinzi wa waya peke yake ndiye aliyekuwa na mikono mitupu. Kwenye ngoma alijifunika shuka mpaka viganja, hata kukiwa na joto. Mimi niliona haya kwa niaba yake, na nilimkasirikia baba, ingawa sikuthubutu kusema.

Ofisi ya simu ilikuwa bado ya udongo, kuta nene kama tembe zetu, ila juu iliezekwa bati. Mwenye ofisi alikuwa karani Feruzi, kijana wa Pangani, kanzu yake safi siku zote katika nchi ile ya vumbi. Hatukujua alifanyaje. Tulipita dirishani kila asubuhi kumwamkia shikamoo, tukabaki hapo kusikiliza kile chombo chake cha simu kinavyogonga. Wakati mwingine alitupa tende. Alikuwa mpweke, nadhani. Alizungumza na Dodoma kutwa kwa kidole, na jioni alikuja kwetu kuzungumza kwa mdomo.

Waya wa nje ulikuwa mtupu, chuma tu, na vikombe vya kaure ndivyo vilivyouzuia usiguse nguzo. Lakini pale ulipoingia ofisini kupitia tundu la ukutani, ulifungwa kipande kingine cha shaba kilichovikwa ganda jeusi, ili kisigusane na udongo. Baba alitueleza hivi: ukuta mkavu haudhuru kitu, lakini ukuta ukilowa unakunywa maneno. Yanaingia ardhini, na Dodoma hawapati neno.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu na upepo wake ulipasua kila kitu, visigino, midomo, ngoma. Ganda la ule waya wa tunduni likapasuka pia, likabanduka vipande, na panya wakamalizia. Shaba ikabaki uchi ndani ya ukuta. Karani Feruzi aligonga Dodoma kuomba waya mpya. Dodoma wakajibu utakuja na gari moshi. Magari moshi yakaja, yakapita, waya haukuja. Akaomba ile dawa nyeusi ya Ulaya ya kupaka, maana kopo lake lilikuwa limebaki mashapo makavu na brashi. Nayo haikuja.

Hilo lingekuwa shauri la ofisi tu, kama si mambo ya masika yaliyotangulia. Kwenye stesheni moja mbele yetu simu ilinyamaza siku ya mvua, na Bwana wa Waya, Mjerumani aliyekagua njia nzima, akaamuru mlinzi wa pale alazwe kifudifudi mbele ya watu na kupigwa kiboko. Karani alikatwa mshahara. Mlinzi yule alipita kwetu akirudi kwao, anatembea kama anavuka mto, na mama alimpa uji akaunywa amesimama kwa sababu hakuweza kukaa. Nilimwona mgongo. Tangu hapo kila nilipomwona baba amevua shuka anaoga, nilimtazama mgongo wake, ambao ulikuwa mzima.

Na Bwana wa Waya alikuwa na desturi moja: mvua za kwanza zikianza, alipanda gari moshi kuangalia wapi pananyamaza.

Mtaelewa basi hali ya nyumba yetu. Ugogo mzima ulikuwa ukiomba mvua. Ng'ombe walikuwa mifupa. Watu walikuwa wamekwenda kwa mtemi na ng'ombe mweusi, wanawake wakatoka na vigelegele, na mama alikuwa miongoni mwao, shamba lake limekwisha kusafishwa, mbegu ziko kibuyuni. Alipiga vigelegele kwa nusu sauti. Nilikuwa karibu yake, nikasikia. Nyumbani kwetu tu ndiko watu walikonyamaza wingu lilipotokea, na tuliona aibu, maana kutotaka mvua kwetu ni karibu na uchawi.

Jioni moja karani Feruzi alikuja, akakaa kwenye kigoda, akamwambia baba, "Bwana Malogo, waya hauji. Tuuvishe wenyewe."

"Tuuvishe nini?"

"Nta. Nta haipitishi maji. Kwetu mafundi wa majahazi huitumia."

Nta ilikuwepo. Mama alikuwa na mizinga mitatu kwa kaka zake. Brashi ya lile kopo Feruzi alikataa kuigusa, akisema ni manyoya ya nguruwe, na kwa miaka yote alikuwa akimwita baba aje kuishika. Safari hii alitaka kusaidia kwa mkono wake, kwa hiyo mama alikata ndevu za beberu wetu, akazifunga kwenye kijiti. Beberu alikaa kidevu kitupu mpaka mwaka mwingine, watoto wakamwita Karani, kwa kuwa Feruzi naye hakuwa na ndevu.

Mama aliyeyusha nta kwenye chungu. Alipoijaribu kwenye kijiti ikakauka na kupasuka. Akafikiri kidogo, akafanya alilolifanya maisha yake yote. Kwetu kitu kikikauka kinapakwa mafuta. Mtoto akizaliwa anapakwa, ngozi mpya ya kulalia inapakwa, mgonjwa akiinuka anapakwa. Akachota samli, akatia ndani ya nta. Ikawa laini, ikapakika vizuri, haikupasuka hata ulipoukunja waya. Baba na Feruzi waliipaka mara mbili, ikang'aa manjano ndani ya tundu, na ofisi ya Mjerumani ikanuka jikoni kwa mama. Feruzi alicheka. Baba alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Mama akawa anatazama mawingu kama wanawake wenzake.

Furaha yetu haikufika mbali. Nani kati yetu hakujua kwamba panya wanapenda samli? Sote tulijua. Samli yetu wenyewe tuliitundika darini kwa kamba ili wasiifikie. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba ile ya ukutani ni samli, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuitwa dawa. Asubuhi moja Feruzi alikuja mbio, kanzu ameikunja mkononi, sikupata kumwona hivyo tena. Panya walikuwa wameula waya wote mpaka shaba, safi kuliko mwanzo. Na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamesimama meusi, ya kweli safari hii, na kijiji kizima kilikuwa nje kinayashangilia.

 Baba alikwenda akasimama mlangoni, akaweka mkono nyuma ya mgongo wake, akajishika. Sijui kama alijua anafanya hivyo.

Mama ndiye aliyesema. "Nta bila samli. Na kitu ambacho panya hawawezi kukila." Akanigeukia. "Sechelela, ulimbo wako uko wapi?"

Ulikuwepo kidogo, hautoshi. Tukakimbilia ua wa zizi, mimi na yeye, tukakata minyaa bila kuchagua, utomvu ukamwagika kwenye kigae. Tuliupika haraka na nta kwenye moto mkali, moshi wake ukitutoa machozi, mpaka ukawa rojo ya kahawia inayovutika. Mama akachukua chungu, mimi nikachukua brashi ya ndevu, tukaenda ofisini upepo wa mvua ukiwa umekwisha kuanza. Feruzi alifungua waya upande wa ndani, baba akaufungua nje na kuuvuta. Mama alishika kazi ya kupaka mwenyewe, kwa kuwa rojo ilikuwa ikiganda na hakukuwa na wakati wa kumfundisha mtu. Alipaka, akageuza, akapaka tena. Mwisho alitaka kuongeza utomvu mbichi juu, uwe mchungu zaidi kwa panya. Waya ukachomoka mkononi mwa baba, ukaruka, ukamtupia mama utomvu usoni.

Hakulia. Alisema, "Rudisheni waya." Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, akakaa chini, amefumba macho yote mawili. "Rudisheni, nawaambia."

Wakaurudisha. Mimi nilimshika mama mkono, nikamwongoza kwa jirani yetu, Mama Nyemo, aliyekuwa na mtoto mchanga. Ninyi wa rika langu mnajua nilikwenda kutafuta nini. Mama Nyemo hakuuliza, alimlaza mama kichwa mapajani, akatoa titi, akamkamulia maziwa jichoni, hili, na hili, na tena, huku mtoto wake akilia kwa kunyang'anywa haki yake.  Mimi nililia kwa sauti mpaka Mama Nyemo akanifukuza nikalie nje.

Nilipotoka, tone la kwanza likanipiga shingoni. Kisha mvua ikaja yote. Mnaijua harufu ile ya vumbi la kwetu likilowa, hakuna nchi nyingine inayonuka vile. Watu waliimba. Mimi nilisimama katikati ya mvua iliyoliliwa na wote kiangazi kizima, nikaichukia.

Kutoka ndani mama akaita, "Sechelela! Inanyesha hapa tu au mpaka shambani?"

"Mpaka shambani, mama."

"Na waya unasema?"

Sikujua. Nikakimbia. Ukuta wa ofisi ulikuwa umelowa upande mzima, maji yanachuruzika karibu na tundu. Ndani, Feruzi alikuwa ameinama juu ya chombo chake, na chombo kilikuwa kinagonga. Baba alisimama pembeni, hajui kusoma kugonga kule, anamtazama Feruzi usoni tu. "Dodoma wananisikia," alisema Feruzi. "Wanauliza kwa nini ninawauliza kila saa kama wananisikia."

Nikarudi mbio kumwambia mama. Alisema, "Haya," akaomba maziwa mengine.

Bwana wa Waya alifika kesho yake, mvua ikiwa bado haijakatika. Nilikuwa nimebanwa dirishani na watoto wenzangu. Alikuwa na buti ndefu, na nyuma yake askari aliyeshika kiboko chini ya kwapa kama mtu anavyoshika mwavuli. Baba alisimama ameunganisha visigino. Bwana alimwamuru Feruzi agonge, akasikiliza, akatazama saa. Kisha akaenda kwenye tundu, akainama, akagusa ganda la kahawia kwa ukucha. Akanusa kidole.

"Nini hii?"

"Dawa, Bwana," alisema Feruzi.

"Dawa wapi?"

"Dawa ya hapahapa, Bwana."

Bwana alifuta kidole kwenye suruali. "Haya," akasema, akatoka, akapanda gari moshi. Sikumsikia akimsifu mtu, wala akimuuliza baba jina lake. Baba alikaa chini palepale sakafuni, kwenye matope ya buti za Bwana, akakaa muda mrefu.

Jicho moja la mama lilipona. Jingine lilibaki na ukungu, aliona nalo mwanga na kivuli basi. Alipanda uwele wake mwaka huo akiwa amefunga kitambaa, na mavuno yalikuwa mazuri. Hakupata kulalamika mbele yetu, ila alipokuwa na hasira na baba alimgeuzia upande wa jicho bovu, na baba alijua maana yake.

Kisha vita vikaja. Waya ambao watu walipigwa kwa sababu yake, Wajerumani wenyewe waliukata walipokuwa wakikimbia, usiwafae Waingereza. Ulilala chini kando ya reli, na kijiji kizima kikaenda kuvuna. Siku chache baadaye hakukuwa na mwanamke asiyelia vyuma akitembea. Baba alikaa nyumbani. Tulimwambia nenda, wenzako wanamaliza, akasema ule si waya wake. Feruzi alikuwa amekwisha kuondoka na gari moshi la mwisho, hatukupata habari zake tena, na ofisi ilibaki wazi kama zizi.

Lakini jioni baba alikwenda ofisini, akarudi na kitu mfukoni mwa koti lake. Kilikuwa kile kipande cha ukutani, na ganda letu juu yake. Panya hawakukigusa tangu siku ile. Alikikunja polepole kwenye mchi wa kinu, akaupata mduara, akamwita mama, akauchukua mkono wake mtupu na kumvisha mwenyewe.

"Huu ni wetu," alisema.

Mama aliusogeza karibu na jicho zima, akaukwaruza kwa ukucha kama alivyofanya Bwana. Haukupasuka. Akauvaa mpaka alipokufa. Wenzake walivaa waya wa kung'aa mpaka kiwiko, yeye akavaa mmoja wa kahawia, na kwenye ngoma hakujifunika shuka tena.

Sasa unavaliwa na mimi. Upande mmoja ganda limechubuka, shaba inaonekana, ni pale ulipokuwa ukisuguana na mpini wa jembe la mama.

Juzi mjukuu wangu Elia, ambaye ni fundi umeme hapa Dodoma, alikuja kutengeneza waya wa taa yangu ulioliwa na panya. Panya ni wale wale. Alizima umeme, akatoa kopo dogo, akafungua kifuniko, na brashi ilikuwa imeshikana na kifuniko chenyewe, haina haja ya ndevu za beberu wala za nguruwe. Akapaka, akapuliza kidogo, akapaka tena, huku akipiga mluzi na kunisimulia habari za mpira. Kazi iliyotutoa jasho na machozi aliimaliza kabla chai haijapoa. Nilimsifu, lakini nilimwambia pia kwamba mafundi wa siku hizi wanapiga mluzi mno.

Akaiona bangili. Akanishika mkono, akaigeuza kwenye mwanga.

"Bibi, hii imepakwa nini?"

"Nta na ulimbo."

Akacheka, akidhani namtania. "Hapa imechubuka. Lete nikuzibie, inakauka mara moja." Akachovya brashi. "Usiogope, Bibi, hii hata ikikurukia usoni unaosha kwa maji tu. Haiwashi macho."

 Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi, kwamba atafanya kazi hii maisha yake yote na macho yake mawili. Na palepale nilimwonea wivu, si kwa ajili yangu. Nikaurudisha mkono ndani ya khanga, nikamwambia afunge kopo lake lisikauke, pale palipochubuka apaache hivyo hivyo.